Claude Bernard na ini lililooshwa

Mwanafunzi yeyote wa bayolojia katika shule zetu za upili ataweza kukuambia, hata ukimwamsha usiku wa manane, kwamba ini huhifadhi sukari kwa sura ya glaikojeni na kuitoa mwili unapoihitaji, na kwamba kongosho humwaga majimaji yake katika utumbo mwembamba ili mafuta yapate kusagika. Ameyakariri hayo kwa ajili ya mtihani. Lakini muulize ni nani aliyeyagundua, na kwa njia gani, naye atakukodolea macho kana kwamba umemuuliza ni nani aliyegundua maji. Si kosa lake. Vitabu vyetu hutoa jibu bila ya kulitaja swali lililolizaa. Leo nakusudia kumzungumzia Mfaransa Claude Bernard, ambaye kwa maoni yangu maisha yake yanawahusu walimu na wanafunzi hata zaidi ya yanavyowahusu madaktari. Wala si maisha ya kusifiwa tu, kama tutakavyoona.

Bernard alizaliwa tarehe 12 Julai 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, kaskazini ya mji wa Lyon, katika eneo la mizabibu liitwalo Beaujolais. Baba yake alikuwa mkulima wa zabibu mwenye uwezo mdogo. Padri wa kijiji alimfundisha Kilatini, kisha akasoma katika vyuo viwili vya karibu, lakini aliondoka bila cheti cha kuhitimu. Alipokuwa na umri wa miaka 18 alipelekwa kuwa mwanagenzi katika duka la dawa huko Vaise, kitongoji cha Lyon, ambako kazi yake ilikuwa kufagia, kuosha chupa na kuchanganya dawa. Katika duka hilo paliuzwa dawa moja mashuhuri ya kale iitwayo teriaki, iliyotiwa vitu makumi kwa makumi na kusadikiwa kuponya karibu kila ugonjwa. Kijana huyo alitambua upesi kwamba dawa nyingine zilipoharibika hazikutupwa. Ziliwekwa kando zije kutiwa katika teriaki. Wateja nao waliendelea kuinunua na kuisifu. Sina shaka kwamba somo hilo la dukani ndilo lililomfunza, kabla ya profesa yeyote, kuwa dawa kusifiwa na wengi si ushahidi kwamba inaponya.

Moyo wake hata hivyo haukuwa katika dawa. Alitaka kuwa mwandishi wa tamthilia. Mchezo wake mfupi wa kuchekesha ulipendwa kidogo huko Lyon, jambo lililompa ujasiri wa kuandika tamthilia ya kihistoria yenye sehemu tano, na mwaka wa 1834 akaifunga safari ya Paris akiwa na mswada wake mkononi. Alimpelekea mhakiki mkubwa wa zama hizo, Saint-Marc Girardin, profesa wa chuo cha Sorbonne. Mhakiki aliusoma, akaona kuwa kipaji kimo lakini njaa nayo imo, akamshauri kwamba kwa kuwa ameshafanya kazi katika duka la dawa, ni heri asomee udaktari apate riziki, na ushairi aufanye wakati wa faragha. Mara nyingi huwa tunawalaumu wahakiki kwa kuua vipaji. Huyu aliua kimoja akazaa kingine.

Wala asidhani mtu kwamba kuanzia hapo njia ilinyooka. Katika mtihani wa kuwachagua madaktari wanafunzi wa hospitali za Paris, mwaka wa 1839, Bernard alikuwa wa 26 kati ya 29 waliofaulu. Alipata shahada ya udaktari mwaka wa 1843 kwa tasnifu juu ya majimaji ya tumbo, na mwaka uliofuata akafanya mtihani wa kumruhusu kufundisha katika kitivo cha udaktari, akaanguka. Hakuwa msemaji mzuri. Alikuwa mkimya, tena mwenye haya. Kilichomwokoa ni mikono yake. François Magendie, mwanafiziolojia wa chuo cha Collège de France, alikuwa amemwona akipasua, akamfanya msaidizi wake mwaka wa 1841. Magendie alikuwa mzee mkali asiyeamini nadharia yoyote, mtu aliyejifananisha na mwokota matambara jalalani: hukusanya mambo anayoyaona tu, basi. Bernard alijifunza kwake kuyaheshimu macho, lakini alimzidi kwa kutambua kwamba macho bila ya wazo hayajui yatazame nini.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba chenye giza na unyevu. Mbwa wa majaribio aghalabu walikuwa wa mitaani. Siku moja mbwa aliyekuwa ametiwa mrija mdogo wa fedha tumboni, ili majimaji yake ya kusagia chakula yapate kukingwa, alitoroka akarudi kwa bwana wake na mrija wake ubavuni. Bwana huyo, kwa bahati mbaya au nzuri, alikuwa mkuu wa polisi wa mtaa. Bernard aliitwa. Hakukana. Alieleza kwa upole alichokuwa akikitafuta, akaomba radhi, akaahidi kwamba mbwa atapona, na mkuu yule akageuka kuwa mlinzi wake. Kisa hiki hupendwa na waandishi wa maisha yake kwa sababu kinachekesha. Tutarudi kwa mbwa baadaye, na huko hakuna cha kuchekesha.

Ugunduzi wake wa kwanza mkubwa ulianzia katika mkojo wa sungura. Mwaka wa 1846 sungura kutoka sokoni waliletwa maabarani wakawekwa juu ya meza, nao wakakojoa papo hapo. Mtu mwingine angechukua kitambaa akapangusa. Bernard aliutazama mkojo ule akaona ni mwangavu kama maji, na alipoupima akaukuta una asidi. Jambo hilo halikutarajiwa, maana mkojo wa wanyama walao majani huwa na ukungu na huelekea upande wa alkali. Ule mwangavu wenye asidi ni wa wanyama walao nyama. Sasa sungura hawa walikula nyama wapi? Bernard alikisia kwamba pengine hawakuwa wamelishwa kwa muda, na mnyama mwenye njaa hana budi kujila mwenyewe, yaani kuishi kwa nyama na mafuta ya mwili wake. Akawapa majani, na baada ya saa chache mkojo ukawa na ukungu. Akawashindisha njaa, ukawa mwangavu tena. Akarudia mara nyingi, akajaribu kwa farasi, na mwishowe akawalisha sungura nyama ya ng'ombe iliyochemshwa, kitu ambacho sungura halili kwa hiari yake. Mkojo ukabaki mwangavu.

Wengi wangeishia hapo wakaandika makala. Yeye aliwapasua sungura wale waliokula nyama, akaona jambo la pili ambalo hakuwa akilitafuta. Mirija myembamba inayobeba mafuta kutoka utumboni ilikuwa imejaa weupe kama maziwa, lakini weupe huo ulianza kuonekana mbali, kiasi cha sentimita 30 chini ya mwisho wa tumbo. Kwa mbwa huanza karibu kabisa na tumbo. Kwa nini? Akatazama tena, akakuta kwamba kwa sungura mfereji wa kongosho huingia utumboni chini sana, mahali pale pale weupe unapoanza, ilhali kwa mbwa huingia juu. Basi huenda kongosho ndilo linaloyatayarisha mafuta yafyonzwe. Akakinga majimaji ya kongosho la mbwa aliye hai, akayachanganya na mafuta na siagi. Mchanganyiko ukageuka mara moja kuwa kama maziwa, na mafuta yakaanza kuvunjika kuwa asidi na gliserini. Kabla ya hapo kongosho lilidhaniwa kuwa tezi ya mate tu iliyojificha tumboni, na nyongo ndiyo iliyopewa sifa yote ya kusaga mafuta. Madaktari walikuwa wameshawaona wagonjwa ambao choo chao kilijaa mafuta, na walipofariki kongosho lao likakutwa limeharibika. Sasa sababu ilianza kueleweka.

Kisha likaja suala la sukari. Wanakemia wakubwa wa Paris, Dumas na Boussingault, walifundisha kwamba mimea hutengeneza na wanyama huharibu. Kwa mujibu wao sukari yote iliyomo katika mwili wa mnyama imetoka katika chakula, na kazi ya mwili ni kuiunguza. Ilikuwa nadharia nzuri, safi, yenye mpangilio. Bernard alitaka tu kujua mahali hasa sukari inapoungulia. Alimlisha mbwa vyakula vya sukari, akaikuta katika damu iliyotoka ini kuelekea moyo. Ili kuhakikisha, alimchukua mbwa mwingine, akampa nyama tupu. Hapakupasa kuwa na sukari yoyote. Ilikuwako, tena tele, katika damu iliyotoka ini, ilhali kwa vipimo vya wakati huo haikuonekana katika ile iliyotoka utumboni kwenda ini. Mwaka wa 1848 akatangaza kwamba ini hutengeneza sukari. Wapinzani hawakukosa. Mwaka wa 1855 Louis Figuier alidai kwamba ini ni ghala tu la sukari ya chakula, na Chuo cha Sayansi kikaunda tume ya kuamua. Dumas mwenyewe, ambaye mafundisho yake ndiyo yaliyokuwa yakibomolewa, ndiye aliyeandika ripoti, na ripoti ikampa ushindi Bernard. Ningependa kuona wakubwa wengi wa leo wakifanya vivyo hivyo.

Lakini jaribio ambalo ningewaomba walimu walisimulie darasani ni la ini lililooshwa, la mwaka huo huo wa 1855. Bernard alikuwa na mazoea ya kupima sukari ya ini mara mbili, kipimo kimoja baada ya kingine, mara tu baada ya mnyama kufa. Siku moja alikosa nafasi, kipimo cha pili akakiacha hadi kesho yake. Kikatoa sukari nyingi kuliko cha kwanza. Vipimo viwili vya ini lile lile, na havipatani! Alijiuliza ni kipi cha kweli, kisha akajiuliza swali lililo bora zaidi: je, kama vyote viwili ni vya kweli? Akachukua ini la mbwa, akapitisha maji baridi kwa nguvu ndani ya mishipa yake kwa muda wa dakika 40 hivi, hata damu yote ikatoka na maji yaliyokuwa yakichuruzika yakawa hayana sukari hata chembe. Ini nalo lilipopimwa halikuwa na sukari. Akaliacha mahali penye joto la wastani. Siku ya pili lilikuwa limejaa sukari. Nyama iliyokufa, iliyotengwa na mwili na kuoshwa ikawa nyeupe, ilikuwa imetengeneza sukari yenyewe. Kumbe ndani yake mna kitu kisichoyeyuka kwa maji, ambacho hugeuka sukari polepole. Mwaka wa 1857 alikitenga kitu hicho akakiita glaikojeni. Mjerumani Victor Hensen alikifikia mwaka huo huo kwa njia yake mwenyewe.

Sasa tujiulize kwa unyofu. Mwanafunzi wetu akipima mara mbili katika maabara ya shule, akapata majibu mawili yasiyopatana, hufanya nini? Hukifuta kimoja. Au, kama wasemavyo wenyewe, huyapika matokeo yafanane na ya kitabu, kwa sababu mtahini ana jibu moja mkononi na alama ni alama. Mwalimu naye, akiwa na wanafunzi wengi, mizani michache na kengele inayokaribia kulia, hufumba macho. Simlaumu. Ila nasema kwamba jibu linalofutwa kwa raba ndilo lile ambalo Bernard alilifuata hadi akaifikia glaikojeni, na kwamba tunawafunza vijana wetu kulitupa tukidhani tunawafunza sayansi.

Yeye mwenyewe hakuyaona yote. Mwaka wa 1849 alimdunga sungura kwa sindano katika sehemu fulani ya chini ya ubongo, na sukari ikatokea katika mkojo wake kwa muda, mithili ya mgonjwa wa kisukari. Basi akaamini kwamba kisukari ni ugonjwa wa ini na mishipa ya fahamu. Alilijua kongosho kuliko mtu yeyote wa zama zake. Hata alijaribu kuliharibu kwa kuingiza mafuta ndani ya mfereji wake, lakini mbwa hawakupata kisukari, kwa kuwa zile chembe ndogo zinazotoa insulini haziharibiki kwa njia hiyo. Mkono mmoja ulishika kongosho, mwingine ukashika sukari, na mikono hiyo haikukutana. Mwaka wa 1889, miaka 11 baada ya kifo chake, Joseph von Mering na Oskar Minkowski walilitoa kongosho lote la mbwa huko Strasbourg, wakitaka kujua zaidi juu ya usagaji wa mafuta, yaani swali lile lile la Bernard, wakamwona mbwa amepata kisukari. Wakanada wa Toronto walifuata mwaka wa 1921 na insulini. Kila anayejidunga insulini asubuhi hii, popote alipo, yumo katika mstari ulioanzia kwa wale sungura wa mezani.

Gharama yake ni nini? Mwaka wa 1845 Bernard alimwoa Fanny Martin, binti wa daktari wa Paris. Huko, wakati huo, kinyume cha desturi zetu, mali ya ndoa ililetwa na upande wa mke, na ni mali hiyo iliyomwezesha Bernard aliyeanguka mtihani kuendelea na utafiti badala ya kurudi kijijini kutibu homa. Bi Fanny alitarajia mume daktari mwenye wagonjwa na heshima. Alipata mtu anayenuka damu ya mbwa. Watoto wa kiume walikufa wangali wachanga. Waliobaki ni mabinti wawili, nao walisimama upande wa mama yao. Kufikia mwaka wa 1870 wazazi walikuwa wametengana kisheria, na mama akajitoa kuwapigania wanyama dhidi ya kazi ile ile iliyogharimiwa na mali yake.

Ni rahisi kumcheka mama huyu, na waandishi wengi wamemcheka. Mimi siwezi. Wanyama wale walipasuliwa wakiwa hai. Etha ilianza kutumika katika upasuaji mwaka wa 1846, na klorofomu mwaka uliofuata. Bernard alizichunguza dawa hizo za usingizi, na alizitumia pengine, si kila mara. Tena ni yeye aliyeonyesha kwamba kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini, humlegeza mnyama asiweze hata kutikisika, ilhali hisia zake zimebaki pale pale. Maana yake ni kwamba mnyama aliyelala kimya juu ya meza huenda alikuwa akisikia kila kitu. Maabara za karne hiyo ziliendelea kuitumia. Daktari Mwingereza, George Hoggan, aliyefanya kazi katika maabara ya Bernard kwa miezi minne, aliandika gazetini huko London mwaka wa 1875, bila ya kumtaja jina, kwamba katika yote aliyoyaona hakukuwa na jaribio hata moja lililostahili kufanywa. Mwaka uliofuata Uingereza ikatunga sheria ya kuwalinda wanyama wa majaribio. Hoggan alikosea aliposema hakuna hata moja. Jaribio la ini na lile la kongosho yamewaokoa watu wasiohesabika. Lakini alipouliza kama maumivu yote yale yalikuwa ya lazima, aliuliza swali ambalo Bernard, bingwa wa kuuliza, hakutaka kulikalia.

Katika miaka ya 1860 ugonjwa ulimshika, tena wa tumbo, maumivu yaliyomrudia mara kwa mara. Mtu aliyeyafungua matumbo ya wengine hakupata wa kumweleza lake. Alirudi Saint-Julien kupumzika kati ya mizabibu, na huko akaandika kitabu chake juu ya tiba ya majaribio, kilichotoka mwaka wa 1865, ambamo visa vya sungura na vya ini lililooshwa vimesimuliwa. Tamthilia haikumfaa, lakini uandishi ulimfaa, na mwaka wa 1868 akachaguliwa katika Chuo cha Lugha cha Ufaransa, heshima ambayo wanasayansi ni wachache wanaoipata. Mwaka wa 1869 Napoleon wa Tatu akamfanya seneta. Wazo lake kwamba kila chembe ya mwili huishi ndani ya bahari ndogo ya majimaji ambayo mwili huilinda isibadilike, ndilo mzizi wa sura nzima ya vitabu vya bayolojia vya leo. Alifariki Paris tarehe 10 Februari 1878, akazikwa kwa gharama ya serikali, mwanasayansi wa kwanza wa Ufaransa kupewa mazishi ya aina hiyo.

Majira ya mavuno ya mwaka wa 1877, yake ya mwisho, alikuwa kijijini akifanya majaribio juu ya zabibu. Rafiki yake Louis Pasteur alishikilia kwamba zabibu hazichachi bila ya hamira iliyo hai. Bernard, mwana wa mkulima wa mvinyo, alidhani kwamba tunda lenyewe laweza. Hakuchapisha neno. Baada ya kifo chake wanafunzi wake waliyakuta maandishi hayo katika makaratasi yake, na mwanakemia Berthelot akayatoa hadharani Julai 1878. Pasteur aliumia moyo, lakini hakujibu kwa maneno tu. Aliagiza vyumba vya vioo, akavijenga juu ya mizabibu huko Arbois, na vichala akavifunga pamba ili hamira iliyomo hewani isivifikie, kisha akangoja zabibu ziive. Oktoba ilipofika alizikamua. Zile zilizokuwa wazi zilichacha. Zile zilizofungwa hazikuchacha. Aliyachapisha hayo mwaka wa 1879, akimpinga marehemu kwa njia ambayo marehemu mwenyewe angeichagua. Mwaka wa 1897 Mjerumani Eduard Buchner akaisaga hamira, akaikamua majimaji yasiyokuwa na chembe hata moja iliyo hai, akayatia sukari. Yakachacha.